Kipande cha Bomba

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa kumi na mbili alfajiri,
Šiauliai ingali gizani, theluji imegeuka tope la chumvi,
nakunja mkono wa shati
na muuguzi Danguolė ananichoma sindano mbili nene,
ya kutoa damu, ya kuirudisha.
Mshipa huo waliuunganisha miaka minne iliyopita;
ukitega sikio utausikia unakoroma.
Mke wangu Aldona siku hizi hulala upande wa pili.

Mimi ni fundi bomba. Miaka thelathini na sita
nimepanda ngazi za maghorofa haya ya saruji
na mkoba wa spana,
nikizibua kile ambacho maji yetu magumu huacha:
gamba jeupe, tabaka juu ya tabaka,
hadi tundu la kupitisha dole gumba
halipitishi hata penseli.
Kwa hiyo usinieleze habari za chokaa.

Daktari Skaistė alinieleza.
Shingoni, nyuma ya koo, kuna vitezi vinne,
kila kimoja punje ya dengu.
Kazi yao kuchunga kalsiamu, na kupiga kelele ikipungua.
Figo zikiwa hai hujibu: tumesikia.
Zangu zimenyamaza.
Basi vinapiga kelele usiku na mchana,
vinavimba kwa kelele zao wenyewe,
mpaka mifupa inafungua ghala
na chokaa isiyo na pa kwenda
inakwenda kwenye mishipa ya moyo.

Nyumba inabomolewa ili bomba lizibwe.

"Na huu mstari mwekundu kwenye vipimo?"
Akasema ni mwako wa mwili mzima,
hauna jeraha, hauna usaha, hauna homa,
moto wa pumba: hauwaki, hauzimiki.
Unakwaruza mishipa kwa ndani,
na gamba, kila fundi anajua,
hushika palipokwaruzwa.

Homoni moja hakuitaja
mpaka Aldona alipotoka kununua kahawa.
Aliandika namba, akaizungushia duara.
Niliisoma kama bili ya mtu mwingine.
Ndiyo maana ndevu zinachelewa,
ndiyo maana miezi kumi na moja
tumetakiana usiku mwema kama wapangaji.
Nilidhani ni huzuni. Nilidhani ni yeye.
Nilimwambia ndani ya gari, macho kwenye vifuta kioo.
Akazima redio.
"Mjinga wewe," akasema,
akaushika mkono ule unaokoroma.

Nusu lita kwa siku. Maji ya kifuu, nami ndiye chungu.
Viazi huchemshwa mara mbili, maji humwagwa mara mbili;
jibini la moshi nimeliaga kama ndugu anayehamia ng'ambo.

Juzi kijana Nojus wa ghorofa ya tatu akagonga:
maji hayatoki jikoni kwa nyanya yake.
Spana sikuweza kuikaza.
Nilikaa juu ya ndoo, nikaelekeza, yeye akakata.
Kipande cha shibiri moja kikaangukia sinki.
Nikakifunga kwenye gazeti.

Ijumaa nikampa daktari.
Hakucheka. Alikiweka jichoni
kama mtoto na karatasi aliyoiviringisha,
akageukia dirisha ambako ndiyo kwanza kunapambazuka,
akakaa hivyo muda uliopita adabu.
"Unaona nini?"
"Mwanga," akasema. "Kidogo."
"Wa kutosha?"

Mashine ikapiga king'ora, hewa kwenye mrija,
Danguolė akaja mbio, akabonyeza, ikatulia,
na swali likapotelea humo.

Kipande kiko mezani kwake mpaka leo.
Amekifanya kikopo cha kalamu.
Zinaingia mbili tu.